Bando si ya Udaku Tu

Mpwa wangu wa Ziwani anasomea uuguzi, na macho yake yako Marekani. Kila usiku huinamia simu akijifunza Kihispania na mila za Walatino. Mamake hulalama: "Bando yaisha bure!"

Dada, usimkemee. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino zaidi ya milioni 62. Wengi wa wagonjwa wake huenda wakawa hao.

Nawe binti, usiishie kwenye tamthilia za mapenzi. Mwaka 1980, huko Florida, kijana Willie Ramirez alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Jamaa zake, wenye asili ya Cuba, walisema "intoxicado", yaani amedhurika na kitu alichokula. Madaktari wakadhani ni dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ubongoni! Akapooza mikono na miguu.

Neno moja tu! Basi jifunze kwa bidii, lakini ukiwa na shaka mwite mkalimani. Hapo Ziwani Mluo na Mkamba huchota maji mfereji mmoja, na bado huulizana, "Ulimaanisha nini, jirani?" Safiri na swali hilo. Kuuliza si ujinga.