Tusinunue Kompyuta kwa Kosa la Foleni

Wanafunzi wenzangu, programu ya maktaba yetu ikikwama, utasikia ati tununue kompyuta mpya. Mimi napinga! Programu hiyo huhifadhi data kwa SQLite, ambayo humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati. Zamani, alipokuwa akihifadhi kazi yake, wasomaji walingoja. Mwaka 2010 ikaletwa njia ya kuandika kwanza kwenye faili ya pembeni, wasomaji wakaendelea kusoma. Njia hiyo huwashwa bure. Je, yetu imewashwa? Kuongeza kumbukumbu hakufungui mlango uliofungwa. Tena kila kazi ikifungua njia yake, hujitengea kumbukumbu yake. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Walimu wetu, tupange foleni kwanza, pesa zinunue vitabu. Yangu ni hayo.