Picha Nzuri Hainunuliwi Dukani

Ukiingia duka la simu, Kariakoo au Luthuli Avenue, utasikia wimbo mmoja: "Chukua hii, inapiga picha kali, megapikseli 108." Mteja anaitikia na kulipa. Hakuna aliyemuuliza atapiga picha ya nini, wala atasimama wapi. Imani kwamba picha nzuri ni kazi ya mashine ni upotofu mtupu.

Mapema mwaka 1936, mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange aliingia kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California. Baridi ilikuwa imeua mavuno, watu wana njaa. Mkononi alikuwa na Graflex, kamera kubwa na nzito. Picha alizopiga kwa mbali zinaonyesha hema na mama aliyejikunyata ndani yake na watoto. Hizo ni taarifa tu. Akasogea, akasogea tena. Katika ile iliyokuja kujulikana dunia nzima, hema karibu lote limeachwa nje: watoto wawili wameficha nyuso mabegani mwa mama, kichanga kiko mapajani, na vidole vya mama huyo, Florence Owens Thompson, vimegusa shavu lake.

Mama yule yule, kamera ile ile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama Lange na vitu alivyoamua kuviacha nje ya fremu.

Wapo wanaojitetea kwamba megapikseli zikiwa nyingi, picha utaikata baadaye nyumbani. Kata utakavyo! Bibi harusi aliyezibwa na nguzo ya ukumbi atabaki nyuma ya nguzo.

Magazeti yetu nayo yana ugonjwa huu wa kuitegemea mashine. Kisima kimechimbwa kijijini, picha inayotoka ni ya mgeni rasmi na mkasi, safu ya wakubwa imesimama wima kama gwaride. Maji hayaonekani. Mwanamke aliyekuwa akitembea na ndoo tangu alfajiri haonekani. Wapiga picha wa magazeti kamera za kisasa wanazo. Wamekataa tu kusogea.

Tofauti na hao, karibu mwaka 1930, mpiga picha Mhungari Martin Munkácsi aliwapiga picha wavulana watatu wakikimbilia maji. Aliwapiga picha kutoka nyuma, na furaha yote imo migongoni na mikononi mwao. Picha hiyo ndiyo iliyomsukuma Mfaransa Henri Cartier-Bresson kushika kamera kwa dhati, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alitumia lenzi ya milimita 50, isiyovuta chochote karibu. Akitaka ukaribu, alitembea.

Basi kabla hujakopa ununue simu mpya, shika hiyo uliyo nayo. Mwendee kinyozi wa mtaani kwako, mwombe ruhusa, umpige picha kwa mbali. Kisha sogea, zunguka, chuchumaa, mpaka ujue ni nini hasa unachotaka watu wakione.