Faini haitoshi, kocha akae nje

Machi 1, 2014, kocha wa Newcastle, Alan Pardew, alimsukumia kichwa usoni David Meyler, kiungo wa Hull City, kando ya uwanja. Klabu yake ilimtoza pauni 100,000. Chama cha Soka cha England, FA, kikaongeza pauni 60,000 na kumfungia mechi saba.

Saba kwa hesabu ya karatasi! Ni tatu tu alizozuiwa kukanyaga uwanjani. Nne zilizobaki alikatazwa kukaa benchi, basi. Jukwaani ruksa, na simu ipo.

Faini kwa mtu wa mshahara ule huuma siku moja. Vyama vya soka, vya kwetu vikiwemo, vimzuie kabisa uwanjani kocha anayemshambulia mchezaji, kwa mechi zote za adhabu.