Darajani Pasipo Daraja

Mwanafunzi wa Unguja akifungua ramani ya kidijitali atauona mji wake wote: mapaa, barabara, misikiti na pwani. Atalisoma jina la Darajani, na daraja hatalikuta. Atalisoma jina la Ng'ambo, na maji ya kuvukwa hatayaona. Jawabu limo vinywani mwa wazee: palikuwa na hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya upande wa pili, na watu wakipita darajani. Katika karne ya 20 hori likafukiwa. Maji yaliondoka, majina yakabaki. Mwalimu anayemwekea mtoto ramani hiyo bila ya hadithi hii amemwonesha mapaa tu; mji bado hajamfundisha.

Wapo wanaoshangilia chombo. Kuanzia 2016 ndege zisizo na rubani zilirushwa juu ya Unguja na Pemba katika kazi ya Kamisheni ya Ardhi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki. Ni kazi ya kujivunia. Lakini ndege huupiga picha mwembe bila ya kumjua aliyeupanda, wala ugomvi wa shamba uliosuluhishwa kivulini mwake.

Wapo pia wanaodai kwamba kompyuta itaziua hadithi. Hawa nao wamekosea. Kinachoziua hadithi ni kutoulizwa. Bibi asiyeulizwa na wajukuu wake atazikwa nazo, skuli iwe na umeme au isiwe nao.

Dawa ni kumtoa mwanafunzi katika utazamaji na kumfanya mtunzi wa ramani. OpenStreetMap, iliyoanzishwa 2004, humruhusu yeyote kuongeza mahali na jina lake. Darasa lenye simu moja laweza kwenda Michenzani, likauliza michenza iliyoupa mtaa jina ilisimama wapi kabla ya majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Likairikodi sauti ya mzee, likaihifadhi pamoja na alama ya pale alipopataja. Hapo Jiografia, Historia na Kiswahili huwa somo moja.

Itasemwa kwamba wazee watapingana. Na wapingane! Kauli zote mbili ziandikwe, mwanafunzi ajifunze kupima ushahidi. Atatambua kwamba ramani nayo ina msimulizi wake, na kwamba kila msimulizi huchagua la kusema na la kulinyamazia. Asiyelijua hilo ataamini kuwa pasipoandikwa kitu hapakuwahi kuwa na watu.

Skuli zinazosubiri mtaala mpya, vifaa kamili na mfadhili zijue zinachokipoteza. Kompyuta yaweza kuja mwakani. Mzee hangoji.