Mvivu ni Nani?



Hapa Kapolowe, kama huko Likasi, neno moja limekuwa jepesi mno vinywani mwa wakubwa wa kazi: "Huyu ni mvivu." Likiisha kutamkwa, mtu anafukuzwa, na kesho mwingine anashika nafasi yake. Hakuna anayeuliza kama yule wa kwanza aliwahi kuelezwa kazi yake.

Sisi walimu tunafunzwa kuandika, kabla ya kuingia darasani, jambo ambalo mwanafunzi ataweza kulifanya mwisho wa somo. Hatutahini tusichofundisha. Darasa zima likishindwa, mwalimu mwema hulifungua kwanza daftari lake mwenyewe la matayarisho. Kwa nini kapita asamehewe sharti hilo?

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inadai mkataba ulioandikwa utaje aina ya kazi na namna ya kuifanya. Imeweka pia muda wa majaribio: usizidi mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, wala miezi 6 kwa wengine. Lakini majaribio ya nini, ikiwa kipimo kimefichwa moyoni mwa mkubwa?

Wako wanaojitetea kwa methali: asiyejua maana haambiwi maana. Wameigeuza kuwa kichaka cha kujifichia. Hata fundi stadi hawezi kuotea kipimo anachokitaka tajiri wake. Bwana Yesu alipowatuma Kumi na Wawili, aliwaambia waende wapi, wachukue nini, watangaze nini. Na waliporudi walimsimulia yote waliyoyatenda. Nasi tufuate njia hiyo: kueleza, kuonyesha, kusikiliza, kusahihisha faraghani, na hukumu ije mwisho.

Sisemi kwamba uvivu haupo. Aliyeelezwa, akaonyeshwa, akaonywa, na bado akapuuza, huyo ajibu mwenyewe. Tena mfanyakazi anayeitika "ndiyo" kwa jambo asilolielewa anashiriki kosa. Kuuliza si ujinga.

Nanyi mnaoongoza kwaya na kamati za parokia, msingoje kuwa wakubwa wa kampuni. Jumapili hii, kabla ya kumlaumu mwenzako ambaye hakupanga viti, jiulize: nilimwambia ni viti vingapi, na saa ngapi?