Anayesinzia Darasani Si Lazima Awe Mvivu

Katika vyuo vyetu tunajifunza kuandaa somo, kutengeneza vifaa na kusahihisha madaftari. Ni mara chache kujifunza kuuliza: mwanafunzi huyu alilala saa ngapi? Sisi tunaona kuwa mwalimu asiyeuliza swali hilo huenda akamdhulumu mtoto, na hata kujidhulumu mwenyewe.

Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha upande wa Kinjumbi, wilayani Kilwa, kijana mmoja wa darasa la tano alisinzia katika kila kipindi cha kwanza cha hesabu. Tulimwamuru asimame nyuma ya darasa, na wenzake wakamcheka. Juma la pili tukapata habari kwamba mahindi yalikuwa yamekaribia kukomaa, naye alikuwa akikesha dunguni pamoja na babu yake, wakifukuza nguruwe hata jogoo la kwanza. Aliyekosa hapo ni sisi, si yeye.

Kijana huyo alinyimwa usingizi na kazi. Wako na wengine ambao ni maumbile yao kuchangamka giza likishaingia, kama vile wengine wanavyochangamka alfajiri; na walio wengi wamo katikati. Jambo hili limechunguzwa hapa hapa Tanzania, miongoni mwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi. Taarifa iliyotolewa mwaka 2017 inaeleza kwamba watu wazima 33 walivalishwa vipimo vya usingizi kwa muda wa siku 20. Katika saa zaidi ya 220 za uchunguzi, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Kambi ilikuwa na walinzi bila ya mtu kupangiwa zamu. Basi tofauti hizi si kasoro ya malezi.

Umri nao una sehemu yake. Tangu kubalehe hadi kufikia miaka ishirini hivi, usingizi wa kijana huelekea kuchelewa. Huo ndio umri wa wanachuo wengi. Wataalamu waliowachunguza wanafunzi wa vyuo vikuu katika nchi mbalimbali wameona kuwa watu wa usiku, kwa kawaida, hulalamikia huzuni na wasiwasi zaidi kuliko watu wa alfajiri. Si ajabu. Mwanachuo anayepata usingizi saa 8 usiku, kisha akaamshwa na kengele saa 11 alfajiri, amelala saa 3, hali mtu mzima anahitaji zisizopungua 7. Akichelewa mchakamchaka huitwa mvivu. Akiitwa hivyo kila siku, mwishowe huamini.

Watakuwapo watakaosema kwamba shule haiwezi kumngoja kila mtu aamke apendavyo. Ni kweli. Tena uchunguzi wa watu wapatao 74,000 nchini Uingereza, uliotolewa mwaka 2024, ulionyesha kuwa kuchelewa kulala kunafuatana na afya duni ya akili hata kwa wale wanaoupenda usiku. Kwa hiyo hatuwashauri wanachuo wakeshe. Tunawashauri wamalize maandalio ya somo mapema, waiweke simu mbali na kitanda, na watoke nje kupata mwanga wa jua la asubuhi. Lakini kumsaidia mtu kubadili desturi ni kazi moja, na kumwaibisha ni nyingine.

Kwa watoto wa shule ya msingi, ambao wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, mwalimu anaweza kufanya mengi. Kipindi cha kwanza na kianze kwa wimbo au kazi ya mikono, si kwa maswali magumu. Anayesinzia aulizwe faraghani, kwa upole. Katika mkutano wa wazazi, yaombwe malindo ya usiku yabaki kwa watu wazima kwa zamu.

Na wewe mwanachuo, ukiona huzuni imekukalia kwa majuma mawili na kazi uliyoipenda haina ladha tena, usingoje ipite yenyewe. Mwendee mkufunzi unayemwamini, au kituo cha afya. Wanafunzi wetu watahitaji mwalimu aliye mzima wa mwili na wa moyo.