Homa ya Kupe: Munganga Anataka Kujua Ng'ombe Alitoka Wapi



Tangu zamani, kiangazi kikikaza, wachungaji wanashusha ng'ombe kutoka milima ya Minembwe na Itombwe hadi mabonde ya Fizi kutafuta majani. Ng'ombe akishuka, kupe anashuka naye. Wewe unayechimba dhahabu upande wa Misisi utasema: mimi sichungi ng'ombe. Lakini Jumapili mnanunua ng'ombe na wenzako, mnachinja, mnachuna ngozi kwa mikono mitupu. Hapo ndipo homa ya Kongo inaweza kukukamata.

Mwaka 1956 huko Kisangani, wakati ule Stanleyville, kirusi chake kilipatikana katika damu ya mtoto wa miaka 13. Daktari Courtois aliyefanya kazi hiyo akaugua yeye mwenyewe, na kirusi kikatolewa katika damu yake pia. Kumbe mwaka 1944 homa hiyohiyo ilikwisha kupiga askari wapatao 200 huko Crimea, mbali sana na sisi. Mwaka 1969 wataalamu walihakikisha kwamba ni kirusi kimoja, ndiyo maana kinaitwa kwa majina mawili. Basi usikubali mtu akuambie kwamba ni ugonjwa wa Wakongo!

Njia yake inafuatwaje? Kirusi hiki kina vipande vitatu vya urithi. Ukivisoma unajua jamaa yake. Kile cha mgonjwa wa Kongo wa mwaka 2008 kilikuwa jamaa moja na vile vya zamani vya Kongo na Uganda. Yaani hakikuondoka kamwe. Mwaka 2016 mtu aliumwa na kupe huko Hispania, akafa, na muuguzi wake akaambukizwa akapona. Kirusi chao kilifanana na vya Afrika. Ndege wanaohama hubeba kupe. Tena virusi viwili vikikutana ndani ya kupe mmoja vinaweza kubadilishana vipande, kwa hiyo kusoma kipande kimoja tu kunaweza kudanganya.

Kazi hiyo yote inaanza na damu ya mgonjwa mmoja kwenye zahanati ya kambi. Kwetu kila homa inaitwa malaria. Mgonjwa anameza dawa, anarudi shimoni, halafu damu inatoka puani na kwenye fizi. Kwa wagonjwa 100, kati ya 10 na 40 wanakufa. Ng'ombe mwenyewe haonyeshi dalili, usimpime kwa macho.

Sisi tunaona hivi: kampuni ikimkata mtu posho wakati anangoja jibu la maabara, inamfundisha kuficha. Na muuguzi asiye na mifuko ya mikono asilaumiwe akiogopa kumgusa mgonjwa. Mifuko hiyo ni kazi ya kampuni kuileta, kama inavyoleta kofia za chuma.

Kupe usimpasue kwa kucha. Mchomoe polepole kwa kibano, unawe kwa sabuni. Nyama iliyoiva vizuri haina neno. Homa ikikushika ndani ya wiki mbili baada ya kuchinja au kuumwa na kupe, mwambie munganga siku, na ng'ombe alinunuliwa wapi. Damu ikipelekwa INRB, Goma au Kinshasa, maneno hayo yaandikwe pamoja nayo.